Bwana Shamba Aliyepalilia Kompyuta

Kwetu Lushoto mwavuli ni wa mvua, isipokuwa wa Bwana Shamba. Wake ulikuwa na mistari mitatu iliyochongwa kwa kisu kwenye mpini wake: wa kwanza nafasi ya maharage, wa pili ya kabichi, wa tatu ya mahindi. Mvua ikimkuta katikati ya shamba la mtu alikuwa radhi alowe chepechepe kuliko kuufungua kabla hajamaliza kupima. Mama yangu alimtazama kutoka mlangoni na kusema, "Serikali imemnunulia mwavuli, ikasahau kumwambia ni wa nini."

Jina lake sitalitaja, na sina hakika kama watu wengi walilijua. Ofisini aliitwa Bwana Shamba. Mke wake alimwita Bwana Shamba. Mchungaji akitangaza kanisani nani atasoma somo la pili, alisema Bwana Shamba, na hakuna aliyegeuka kuuliza yupi.

Kwa salamu alikuwa mkali kuliko askari magereza. Umfuate na shida yoyote ile, kwanza shikamoo, kisha habari za nyumbani, kisha mifugo, kisha mvua ya upande wenu, ndipo shida. Nilipokuwa msichana jiko letu lilishika moto, mama akanituma mbio nikamwite aje na ndoo, kwa sababu alikuwa jirani wa karibu kuliko wote. Nilifika kwake sina pumzi, nikasema, "Moto." Akanitazama akaniambia, "Marahaba." Hakuinuka mpaka nilipompa shikamoo yake. Jiko liliungua nusu, naye akatusaidia kulijenga upya kwa siku mbili, bila kuona kwamba alichelewa kwa lolote.

Halafu kulikuwa na jambo la shamba lake mwenyewe. Mtu aliyewafundisha watu wa mabonde yote haya matuta, mistari na palizi, yeye kwake palikuwa pori. Nyuma ya nyumba yake magugu yalimfika mtu kiunoni, na mahindi yalichungulia humo kama watu waliopotea njia. Mke wake aliona aibu hata kupita huko mchana. Ukimuuliza mwenyewe alijibu kwamba daktari hajitibu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Na mama yangu ndiye aliyekuwa kesi yake kubwa. Mama alipanda vyote pamoja: maharage chini ya mahindi, mahindi chini ya migomba, magimbi pembeni, boga likitambaa linakotaka. Bwana Shamba alikuja na mwavuli wake miaka nenda miaka rudi kumwambia hicho si kilimo, hiyo ni vurugu. Mama akamjibu kwa Kishambaa, upesi upesi, maneno ambayo yeye aliyaelewa vizuri sana na mimi nilikatazwa kuyarudia. Kisha akamkaribisha chai. Hakuna siku hata moja aliyoondoka hajanywa.

Ukaja wakati wa soko huria. Maduka yakajaa mbegu za makopo yenye picha, dawa za rangi tatu, na vijana waliojua bei ya kila kopo na wasiojua kilichomo. Serikali ikaanza kupunguza watu, na Bwana Shamba akapata barua yake. Alikaa ndani wiki moja. Jumatatu iliyofuata akavaa viatu vyake vya mpira, akachukua mwavuli, akatoka kwenda kazini kama kawaida. Watu wakamwuliza nani amemtuma. "Hakuna," akasema, na akapitiliza.

Siku hiyo alikuja kwa mama. Nilikuwepo, ndiyo maana nasimulia. Alikunywa chai yake, akaweka kikombe chini, akasema, "Mama, miaka yote mimi nimekueleza. Sasa nieleze wewe." Mama akamtazama, akanigeukia mimi na kuninong'oneza nimguse paji la uso, pengine ana homa.

Hakuwa na homa. Aliona mbegu za zamani zinapotea, akaamua kwenda kwa akina mama mmoja mmoja, kuuliza kila mmoja ana mbegu gani, alipewa na nani, anazipandaje, na kuyaandika yote neno kwa neno. Mwanzo aliandika kwenye madaftari, panya wakayala. Ndipo mtafiti mmoja wa udongo, mgeni aliyekaa kwetu misimu miwili na ambaye tulimwita Bwana Udongo, alipokuwa anarudi kwao akamwachia kompyuta yake ndogo ya kufunga na kubeba.

Ndani ilikuwa inaendeshwa na Linux, programu kuu inayoiamsha kompyuta na kuiongoza. Bwana Udongo alijaribu kumweleza kwamba hiyo Linux hainunuliwi: watu huitengeneza, hupeana, na anayepewa naye anaruhusiwa kumpa mwingine. Alidhani somo litachukua siku nzima. Bwana Shamba akasema, "Kama mbegu," na somo likaisha.

Maana kwetu mbegu ya nyumbani haikuuzwa. Unakwenda kwa mwenye nayo, unasalimia, unaomba kwa mdomo wako, unapewa. Ukivuna unarudisha kidogo. Asiyeomba hapewi, hata awe ndugu, kwa sababu mbegu ya kusukumiwa mtu huila.

Mimi wakati huo nilikuwa na duka langu karibu na stendi. Nilichapa barua, nilitoa kopi, na intaneti ilipopanda milimani nikaweka kompyuta nne, mbili zikifanya kazi. Kijijini hakukuwa na umeme, hivyo Bwana Shamba alikuja kila baada ya siku mbili kuchaji. Aliketi kwenye kona yangu akichapa kwa vidole viwili, miwani imeteremka, akisema kila neno kwa sauti kabla ya kuliandika. Aliandika vyote. Mtu akikohoa aliandika "anakohoa". Mbuzi akilia aliandika "mbuzi". Salamu aliziandika kuanzia shikamoo ya kwanza hadi ya mwisho, hata faili lingine likawa ukurasa mzima na nusu hakujatajwa haragwe hata moja.

Kwa mama alikwenda alasiri nyingi. Mama alimzoea huyo mwanafunzi wake mzee. Masika yaliyofuata mama akafariki, ghafla, akiwa bado na matope ya shambani miguuni.

Niseme wazi kilichobaki, kwa sababu ndicho kisa chenyewe. Picha yake ilibaki moja, ya kitambulisho, amekunja uso kwa mwanga. Sauti yake hakuna aliyeirekodi. Kusoma na kuandika hakujua. Mbegu zake za maharage, yale yenye doa jeusi jichoni, zilipikwa wakati wa matanga. Wageni walikuwa wengi na shangazi mmoja akateremsha kibuyu kutoka darini bila kuuliza. Wakati ule sikujali, nilikuwa na mambo ya kulia makubwa kuliko maharage. Maneno yake yalibaki mahali pamoja tu duniani, ndani ya kompyuta ya Bwana Shamba. Nilijua yamo, na kwa kuwa nilijua yamo, sikuwa na haraka ya kuyasoma. Nilijiambia nitayasoma nitakapoweza kuyasoma bila kulia. Upumbavu wangu ulikuwa huo.

Asubuhi moja ya mwezi wa saba, ukungu umeingia mpaka kabatini, Bwana Shamba akaja dukani amekumbatia kitu kilichofungwa kwa blanketi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Habari za nyumbani?"

"Nzuri."

"Mvua huko kwenu?"

"Baba, hicho ulichobeba ni nini?"

"Mvua kwanza."

Nikamweleza mvua. Ndipo akafungua blanketi. Ilikuwa kompyuta, na ukiibonyeza ilionyesha kioo cheusi, mstari mmoja wa herufi nyeupe, na kialama kinachopepesa. Haikwenda mbele wala nyuma. Alisema imepata baridi. Kwa siku tatu alikuwa ameianika juani kwenye kichanja cha kahawa, pamoja na kahawa, akiigeuza kila saa ili ikauke pande zote.

"Kabla haijapata baridi ulifanya nini?"

"Hakuna. Nilipalilia tu."

Nikamwomba arudie. Akarudia, kwa fahari kidogo. Kompyuta ilikuwa imemwandikia kwamba nafasi inakaribia kwisha. Yeye akaingia kwa neno la siri la mkuu wa kompyuta, linaloruhusu kufuta chochote, ambalo Bwana Udongo alimwachia kwa dharura tu, akaanza kukagua folda moja baada ya nyingine. Zenye majina ya akina mama aliziacha. Akafika kwenye moja iliyoitwa boot, akakuta mafaili manene ambayo hakuyapanda yeye na hakumjua aliyeyapanda. Akayang'oa yote. Na kompyuta haikulalamika hata kidogo. Iliendelea kufanya kazi mchana kutwa, na yeye akalala ameridhika. Kulipokucha haikuwaka.

Sikuwa fundi, nilijua kuchapa na kuwasha modemu, lakini nilijua boot ndiko kompyuta inakoanzia kuwaka. Nikamtazama mzee huyu ambaye shamba lake lilikuwa na magugu ya kuficha ng'ombe.

Tulimpelekea fundi wa redio wa sokoni, ambaye tangu soko huria alikuwa fundi wa chochote chenye waya. Akaitazama kwa muda ambao mtu anatazama saa.

"Hii tunapiga fomati," akasema. "Tunaweka ile ya kawaida, ambayo watu wote wanayo. Kufumba na kufumbua inakuwa mpya."

"Na vilivyomo?" nikamwuliza.

"Vilivyomo vinafutika, dada. Ndiyo inakuwa mpya."

Alikuwa ameshashika bisibisi. Nikaweka mkono wangu juu ya kompyuta na sikuuondoa. Mama yangu alikuwa mle ndani, na mtu huyu ananiambia habari za upya. Fundi akaniangalia usoni, akarudisha bisibisi mfukoni, akasema pole bila kujua ya nini.

Nikamwandikia Bwana Udongo barua pepe. Siku tatu sikula vizuri. Bwana Shamba alikuja kila asubuhi kuuliza kama imejibiwa, na kila asubuhi, kabla ya kuuliza, tukapitia nyumbani, mifugo na mvua. Nilimchukia siku zile. Nilimwambia mke wa kaka yangu kwamba mzee yule amemzika mama yangu mara ya pili, na nilimaanisha.

Siku ya nne jibu likaja. Bwana Udongo aliandika tusimruhusu mtu yeyote kupiga fomati. Kilichong'olewa ni cha kuwashia tu. Maandishi yote bado yako kwenye diski, salama kabisa. Alimwachia mzee sidii yenye Linux nzima ndani yake, inayoweza kuwasha kompyuta bila kutegemea kilichomo kwenye diski. Tuwashe kwa sidii hiyo, tufungue diski, tunakili maandishi mahali pengine. Sidii iko kwenye mfuko wa pembeni wa begi.

Tukapekua mfuko wa pembeni. Mlikuwa na kisu, vitunguu viwili na kitabu cha nyimbo za kanisa. Bwana Shamba akarudisha vitunguu mfukoni.

"Hiyo sidii," akauliza, "upande mmoja inang'aa?"

"Ndiyo."

"Ina tundu katikati?"

"Ndiyo, baba."

Akavua kofia yake ya sufu, akaitazama ndani. "Ndege wanaiogopa sana," akasema.

Tuliikuta kwenye mti wa plamu nyuma ya nyumba yake, inaning'inia kwa uzi, inazunguka na kumulika bonde zima. Ilikuwa imekaa pale tangu plamu za mwaka uliopita. Mke wake alitushikia ngazi mimi nikipanda, maana Bwana Shamba alisema magoti yake hayapandi. Nilipomweleza tunatafuta nini na kwa nini, yule mama akaangalia magugu kulia na kushoto, akashusha pumzi.

"Tangu anioe namsubiri apalilie hapa," akasema. "Siku aliyoamua kupalilia, amepalilia kompyuta."

Bwana Shamba alijifanya anakagua shina la mti.

Niliiosha sidii kwa sabuni ya kufulia na maji ya vuguvugu, nikaifuta kwa pindo la khanga kutoka katikati kwenda nje, taratibu, kama anavyofutwa mtoto macho. Ilikuwa na michubuko ya matawi na alama moja ya mdomo wa ndege asiyeogopa. Dukani tukaitia ndani. Mara ya kwanza kompyuta ilikoroma ikazima. Mara ya pili ikakoroma zaidi. Bwana Shamba akashauri tuianike. Nikamwambia baba, tafadhali, kaa. Mara ya tatu ikakoroma, ikanyamaza, na maandishi meupe yakaanza kushuka kiooni moja baada ya jingine, mengi, ya haraka. Wateja wakaacha walichokuwa wanafanya wakaja kusimama nyuma yetu.

Diski ikafunguka. Majina ya akina mama yalikuwepo yote, kutoka kijiji cha Soni hadi Mtae, yamejipanga. Nikachomeka flashi, nikanakili folda nzima, kisha nikainakili tena kwenye kompyuta yangu, kisha nikachapa, kwa sababu siku ile sikuamini kitu chochote chenye waya. Bwana Shamba alisimama muda wote ameshika kofia mkononi.

Faili la mama nililisoma palepale. Ukurasa wa kwanza wote ulikuwa salamu: onga mshi ya Kishambaa, habari za watoto, habari za mguu wa jirani, mvua. Kisha:

"Mama (anakohoa): Wewe bwana, miaka yote umekuja na mwavuli. Leo umekuja na sanduku. Kesho utakuja na nini, kitanda?

Mimi: Mama, tuanze na maharage.

Mama: Maharage hayakimbii. Kunywa chai, umekonda tangu serikali ikuache. (Mbuzi.)"

Ilikuwa sauti yake, na kikohozi chake mahali pake. Nikacheka, na kicheko kikageuka katikati ya njia, nikalia mbele ya watu waliokuja kutoa kopi za vyeti. Bwana Shamba akanipa kitambaa chake, kilichokuwa na punje za mahindi.

Nililisoma lote. Karibu na mwisho nikakuta mstari huu: "Hapa mama amesema jambo lisilo la kilimo. Limeachwa."

Nikafuta machozi haraka sana.

"Baba, hapa alisema nini?"

"Si la kilimo."

"Umeandika mpaka kikohozi."

"Kikohozi ni moshi. Moshi ni kuni. Kuni ni msitu. Msitu unatuhusu."

"Na hili?"

"Hili halina kuni," akasema, akafunga blanketi lake. Kisha akaomba sidii yake, maana plamu zikija kuiva ndege watarudi. Nikampa nyingine, ya harusi ya mtu ambaye hakurudi kuichukua. Ile ya mtini ninayo mpaka leo.

Niliuliza tena na tena. Nilimwuliza stendi, nilimwuliza msibani, nilimpelekea sukari na nikamwuliza akiwa ameipokea. Alijibu vilevile, bila hasira. Mtu mwingine angekuwa amesahau, lakini macho yake yalionyesha anakumbuka kila neno, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Miaka ikaenda. Simu za mikononi zikaingia intaneti, na duka langu likabaki na mimi na kiti. Nikalifunga, nikarudi kwenye shamba la mama. Nilinunua mbegu ya dukani, kopo lenye picha nzuri. Ukungu ukaichukua. Mwaka wa pili nikanunua kopo lenye picha nzuri zaidi, na ukungu ukaichukua hiyo pia. Nikakaa kwenye tuta nikakumbuka kwamba maharage ya mama yalisimama kwenye ukungu huohuo maisha yangu yote.

Nikaenda kwa Bwana Shamba. Alikuwa amezeeka, ameketi jikoni karibu na moto, mwavuli umekuwa fimbo. Tulisalimiana kwa ukamilifu. Safari hii sikumkatisha, nilimweleza mvua hadi tone la mwisho.

"Baba," nikasema, "leo sikuja kuuliza lile neno. Nimekuja kuomba mbegu. Kama unamjua mtu yeyote aliyebaki na maharage ya mama, naomba unielekeze nikamwombe."

Mkewe alikuwa anapeta mchele. Akaweka ungo chini.

"Haya," akasema. "Nilidhani nitakufa kabla."

Bwana Shamba akainuka bila kusema neno, akashika mwavuli, akatoka nyuma ya nyumba. Nikamfuata ndani ya lile pori. Akatenganisha magugu kwa ncha ya mwavuli, na chini yake, kwenye shina la hindi, kulikuwa na maharage yanapanda, maganda yamekauka. Tukasogea, akatenganisha tena, yapo. Maharage chini ya mahindi, mahindi chini ya migomba, magimbi pembeni. Alivunja ganda moja akanifungulia kiganjani. Doa jeusi, jichoni.

"Alinipa zile alasiri, nilipomwomba," akasema. "Nimezipanda kila msimu, anavyopanda yeye. Hayapendi kupaliliwa sana."

"Miaka yote hii ulikuwa nazo? Kwa nini hukuniambia?"

"Alikataza."

"Lini?"

"Pale nilipoandika si la kilimo."

Yeye akaegemea mwavuli, akatazama mbele, akalisema lote kwa Kishambaa, kwa haraka ya mama, bila kuongeza wala kupunguza. Mama alimwambia: huyu binti yangu amekuwa wa mjini. Nikiondoka atakuja kukuomba maneno yangu. Mpe, maneno hayaozi. Lakini mbegu usimpe mpaka aiombe mwenyewe kwa mdomo wake, maana ukimpa kabla ataipika. Asipoomba, kuleni wewe na mkeo.

"Na nisingeomba?"

"Tungekula," mkewe akajibu kutoka mlangoni. "Ni matamu sana, usijidanganye."

Nikakinga khanga. Akavunja ganda baada ya ganda, hakuna punje iliyoanguka. Alipomaliza akapangusa mikono kwenye suruali.

"Ukifika nyumbani," akasema, "ufungue lile faili, uandike pale nilipoacha. Sasa limekuwa la kilimo."